Bafa Niliyoizimua

Kwenye kongamano la kemia, wanangu, viti vya mstari wa mbele huwa vitupu, na vina sababu ya kuwa vitupu. Mimi sikuijua. Mara yangu ya kwanza niliwahi kuliko wote, nimevaa koti nililofungia ndoa, nikaona kiti kizuri chenye kitambaa cheupe na chupa ya maji mbele yake. Nikakaa. Nikafungua na yale maji nikaanza kunywa. Nilikuwa nimefika nusu ya chupa alipoingia mgeni rasmi na msafara wake, akasimama akinitazama kwa upole kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni kwake. Aliyenitoa pale ni Bibi Eliaichi, mkuu wangu wa maabara wakati huo. Alinishika mkono, akaninong'oneza kwa Kimeru maneno ambayo siyaandiki hapa, kisha akamalizia kwa Kiswahili: "Elisante, wewe tumekuleta kupima maji au kuyanywa?"

Nawaandikia kwa sababu nimeombwa. Juzi Dokta Happy, ambaye ndiye mkuu wenu sasa, alinipigia simu.

"Mzee Elisante, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmeishiwa nini huko?"

"Hatujaishiwa kitu. Vijana wangu wanaenda kongamano kwa mara ya kwanza, nataka uwaandikie mawili matatu. Chochote ulichokiona."

"Hata ile?"

Akacheka. "Hasa ile, Mzee."

Basi nitafika kwenye ile. Ila mimi ni mzee mstaafu, nina haki ya kuzunguka kwanza.

Mimi sikuwa msomi wa kutoa mihadhara. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, mtu wa kuosha chupa, kuchanganya dawa na kusoma mita, zaidi ya miaka thelathini kwenye maabara ileile mnayoingia ninyi asubuhi. Na karibu miaka yote hiyo nilipima kitu kimoja, floraidi kwenye maji. Ninyi wa kutoka mikoa mingine labda mlishangaa kwa nini maabara nzima inahangaika na kitu kimoja. Sisi wa kuzunguka Mlima Meru hatushangai. Maji yetu yanapita kwenye mawe ya volkano, yanaibeba floraidi, nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, na ukichemsha haitoki. Mtoto akiinywa nyingi, meno yake ya ukubwani yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, na wengine huko chini ya mlima hata mifupa inapinda. Mimi nimekulia kijiji cha Maji ya Chai. Nikienda Dar es Salaam nikacheka tu, mtu ananiuliza, "Mzee wa Arusha, eeh?" Sijafungua hata mdomo kujitambulisha, meno yameshanitambulisha.

Ndiyo maana ukiangalia picha za makongamano yote niliyohudhuria, mimi ni yule wa pembeni aliyefunga mdomo. Watu walidhani nina maringo. Nilikuwa naona aibu, basi.

Bibi Eliaichi ndiye aliyenifundisha kazi. Mama mfupi, mzee wa kanisa, sauti ya kwaya. Kwake sampuli ya maji haikai kwenye chupa ya kioo hata kwa bahati mbaya, ni ya plastiki tu, na chupa yenyewe unaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale unayokwenda kuyapima, si kwa maji ya bomba. Ukisoma mita unasubiri namba itulie, na ukisema imetulia, unasubiri tena. "Wewe ndiye umetulia," alikuwa akiniambia, "mita bado." Alikuwa pia na kitu alichokiita mtego. Katikati ya sampuli zangu alikuwa anaingiza chupa moja anayojua jibu lake, bila kuniambia ni ipi. Nikikosea pale tu, kazi ya siku nzima inarudiwa. Nilimchukia kwa miaka miwili, halafu nikaanza kuweka mitego mwenyewe.

Tulichoma hata mifupa ya ng'ombe, kwa maana mkaa wa mifupa unashika floraidi vizuri. Tatizo ni harufu. Siku tuliyojaribu tanuri jipya kule Elerai, mbwa wote wa kata walikuja wakakaa nje ya uzio, wametulia, wamepangana vizuri kuliko wajumbe wa kongamano lolote nililowahi kuliona. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kipuuzi.

Kwenye maswali hapo, mjihadhari. Baada ya mhadhara kuna mtu atasimama, ataanza, "Mwenyekiti, swali langu ni maoni." Kwa huyo wewe kaa chini, kunywa maji, ana dakika zake saba. Kuna msemaji ataoneshwa kadi ya njano ya muda, ataoneshwa nyekundu, atasema "namalizia," na hapo ndipo anapoanza. Bango lako la utafiti lichapishe kwenye kitambaa, kwa sababu karatasi na mvua za Arusha hazipatani, na ukisimama kulieleza simama kando yake. Nimeona vijana wanaziba grafu yao wenyewe kwa mgongo, halafu wanalalamika hakuna aliyeisoma. Wakati wa chai usiwakimbilie maprofesa. Kaa na mafundi wa maabara nyingine, wale wanaokula sambusa wamesimama karibu na mlango. Yaliyoshindikana hayapandi jukwaani, yanasimuliwa pale mlangoni.

Sasa ile.

Miaka kama kumi iliyopita Happy alikuja kwetu kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu. Binti wa Kichaga, asili yao Machame, lakini amezaliwa Sombetini na kukulia hapohapo. Siku ya kwanza alinikuta nakula loshoro, akachungulia kwenye bakuli.

"Mzee, hizo ndizi mmezifanya nini jamani?"

"Tumeziheshimu. Tumezitia maziwa ya mgando. Si kama ninyi mnaozisaga na nyama mpaka haijulikani ipi ni ipi."

Tukawa marafiki papo hapo. Wazo lake lilikuwa zuri na rahisi. Alichukua kokoto za udongo wa kuchoma, akaziloweka kwenye maji ya shabu, ileile shabu ya dukani, akazikausha. Shabu ina alumini, na alumini inaipenda floraidi sana. Maji yakipita kwenye kokoto zile, floraidi inanaswa. Chujio la ndoo mbili, mama yeyote angeweza kulitengeneza nyumbani.

Mimi ndiye niliyempimia. Na hapa niwaeleze kuhusu bafa, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nilichofanya. Mita yetu inaiona floraidi iliyo huru tu. Floraidi iliyoshikana na alumini humo majini mita haiioni kabisa, lakini mtu akiinywa inamwingia kama kawaida. Kwa hiyo kabla ya kupima unachanganya maji na dawa iitwayo bafa, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuwaachanisha hao wawili, ili mita ihesabu floraidi yote.

Bafa yetu ilikuwa inaagizwa nje, inachukua miezi. Ikiisha, kazi inasimama, watafiti wananiangalia kana kwamba nimeinywa. Basi mimi nikagundua ujanja. Nilikuwa naizimua kwa maji safi, nusu kwa nusu. Chupa moja inakuwa mbili! Nilijaribu kwenye maji ya chemchemi, nikajaribu na mtego wa Bibi Eliaichi, namba zikatoka zilezile. Nilijisifu sana. Nilikuwa nasema kwa mafundi wenzangu, "Kwetu bafa haiishi," natikisa kichwa kama mganga anayeficha mizizi yake. Bibi Eliaichi alikuwa ameshastaafu. Kama angekuwepo angenichapa.

Mnaona kosa? Maji ya chemchemi hayana alumini ya kutosha kuleta shida, na mtego wetu haukuwa nayo kabisa. Ujanja wangu ulifaulu mitihani yote kwa sababu mitihani yote ilikuwa myepesi. Yakaja maji ya Happy, yaliyopita kwenye shabu. Bafa ya nusu nguvu ikashindwa kuwaachanisha, na mita ikasoma namba ndogo za kupendeza. Happy akaruka juu, akanikumbatia na koti langu la maabara limeloa.

Namba zile zikaenda kwenye andiko lake. Kamati ya kongamano ikalisoma, ikampa mhadhara wa mtafiti kijana, ule unaoambatana na tuzo. Kongamano lenyewe lilikuwa hapahapa Arusha. Mhadhara ungekuwa siku ya pili saa tatu asubuhi, na baada yake mwalimu mkuu wa shule moja ya Terrat angekabidhiwa chujio kubwa la kwanza kwa ajili ya wanafunzi wake.

Siku ya kwanza, wakati wa chai, nilikuwa mlangoni na sambusa yangu. Akaja mama mmoja kutoka Nakuru, profesa, lakini wa aina ile inayokuja mlangoni. Kwao pia wana floraidi.

"Nimesoma muhtasari wa yule msichana wenu," akasema. "Namba nzuri sana. Bafa mnaweka kiasi gani?"

Nikajibu haraka, kwa furaha, "Kawaida, mama. Nusu kwa nusu na maji ya sampuli."

"Na bafa yenyewe mnaitumia kamili, haijazimuliwa?"

Nikafungua mdomo kumweleza ujanja wangu. Neno likafika kwenye ulimi, halafu nikasikia mwenyewe ninachotaka kusema. Shabu. Alumini. Sambusa ilinikwama kooni. Yule mama alinipigapiga mgongoni, hakuuliza tena.

Sikwenda kula chakula cha mchana. Nilirudi maabara, nikafungua chupa mpya ya bafa ambayo haijaguswa, nikapima maji ya Happy. Nikasubiri namba itulie. Nikasubiri tena. Ilipanda mpaka kwenye kikomo cha maji ya kunywa, ikapita, ikakaa huko. Nikapima ya pili, na ya tatu. Chujio lilikuwa linapunguza floraidi, ndiyo, lakini si kiasi cha kumpa mtoto anywe kila siku. Nilikaa kwenye stuli. Sijawahi kuogopa vile, hata siku niliyomwagikiwa tindikali.

Nikampigia Happy simu. Alikuja mbio, beji ya kongamano bado shingoni. Nikamweleza yote, tangu chupa ya kwanza niliyoizimua.

"Tangu lini, Mzee?"

"Kabla hujaja."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani nakusaidia. Nilitaka kazi yako isisimame."

Aliangalia mita, akaniangalia mimi. Machozi yakamtoka, na ninyi mnaomjua Dokta Happy wa sasa hamtaamini, lakini yalimtoka. "Mama ameomba ruhusa kazini," akasema. "Amenunua kitenge kipya. Amewaambia watu wote wa jumuiya."

Nikamwambia, "Niache mimi niende kwa kamati sasa hivi, niseme ni kosa langu."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na tukinyamaza mpaka keshokutwa?"

Mimi ndiye niliyemfikisha hapo, ningepata wapi mdomo wa kumhubiria? Alisimama akitazama lile chujio kubwa lililokuwa limefungwa utepe tayari kwenda Terrat. Kisha akaenda kwenye sinki, akanawa uso, akavua beji.

"Pima tena zote," akasema. "Mimi naandika. Na kesho usiseme kitu, Mzee. Ni mhadhara wangu."

Tukapima mpaka saa kumi na moja jioni, sampuli zote alizokuwa nazo, na mitego miwili ya kwake mwenyewe yenye alumini ndani. Kisha akampigia mwalimu mkuu, akamwomba radhi, akamwambia asilete gari.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Mama yake alikuwa mstari wa tatu, kitenge cha njano kinawaka. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na projekta. Happy akaonesha grafu yake ya kwanza, ile nzuri, akasema, "Mpaka jana saa sita mchana niliamini grafu hii. Leo siiamini." Akaonesha ya pili, namba za jana. Akaeleza alumini inavyoificha floraidi, akaeleza kwamba bafa ilikuwa dhaifu. "Andiko lina jina langu," akasema, "kwa hiyo kosa lina jina langu." Akamaliza kabla ya kadi ya njano. Sijaona mwingine aliyefanya hivyo mpaka nastaafu.

Kisha akasimama yule mtu wa siku zote. "Mwenyekiti, swali langu ni maoni." Akasema mtafiti makini anajua dawa zake zinavyochanganywa. Akauliza vijana wa siku hizi wanafundishwa nini. Akauliza kama mtu wa namna hii anastahili kuitwa mtafiti. Happy alisimama pale mbele ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, na mama yake anageuka huku na huku kutafuta nani wa kumsaidia mwanawe.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nikavunja ahadi.

"Naitwa Elisante," nikasema, nimesimama. Kiingereza changu chote kilikimbia, nikaendelea kwa Kiswahili. "Mimi ni fundi wa maabara. Bafa niliizimua mimi, nusu kwa nusu, kwa makusudi, na nilikuwa najisifu. Huyu binti aliambiwa jana mchana. Angeweza kunyamaza, tungekuwa wawili tu tunaojua. Hakunyamaza. Hayo ndiyo maoni yangu."

Nikakaa. Nilikuwa nimesema yote yale mdomo wazi, meno yote nje, mbele ya ukumbi mzima, na sikukumbuka kujificha.

Nisiwadanganye kwamba walimpa tuzo. Kanuni ni kanuni, namba zilizopewa tuzo hazikuwepo tena. Walimpa kijana mmoja mpole aliyekuwa anachunguza misombo ya chuma. Ngao ya tuzo ilikuwa imeshachongwa jina la Happy, ikabidi wabandike karatasi juu kwa selotepu, na selotepu yenyewe ikaachia jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Kijana wa watu akaishikilia kwa kidole gumba mpaka mwisho. Happy ndiye aliyempigia makofi kwa nguvu kuliko wote.

Mama yake alinifuata nje. "Baba, mbona wamempa mwingine?"

"Kwa sababu mwanao amesema kweli, mama."

Akafikiri. "Sasa si hiyo ndiyo wangempa tuzo?"

Nikampeleka kwa Happy, amuulize yeye.

Halafu ikafika chai. Nilisimama mlangoni peke yangu, nikijua nimekwisha. Akaja fundi mmoja wa maabara ya Kanda ya Ziwa, akaangalia kushoto na kulia. "Mzee, hiyo nusu kwa nusu... na theluthi je, nayo ina shida?" Nyuma yake akaja wa pili. Wa tatu alikuwa daktari kabisa, mwenye tai. Siku ile mlangoni palikuwa na foleni kuliko kwa mgeni rasmi. Mama wa Nakuru alikuwa anakunywa chai pembeni akicheka mpaka kikombe kinagonga kisahani.

Tulirudi kazini Jumatatu. Nilibandika kwenye chupa ya bafa karatasi yenye neno moja, USIZIMUE, na jina langu chini. Nasikia bado ipo. Ilimchukua Happy mwaka na nusu zaidi, akaweka tabaka la mkaa wa mifupa chini ya zile kokoto, mbwa wakarudi Elerai, na safari hii kila namba tuliipima kama tunaishtaki mahakamani. Chujio likafika Terrat. Lingine nililifunga kwangu, kwa sababu binti yangu alikuwa mjamzito.

Mjukuu yule, Naomi, ana miaka saba sasa. Maji aliyokunywa tangu aache kunyonya ni ya lile chujio. Mwezi uliopita meno yake mawili ya mbele ya ukubwani yalimaliza kuota. Alikuja kwangu na albamu ya picha za makongamano, akaipekua yote.

"Babu, mbona kwenye picha zote umefunga mdomo?"

Nikamwonesha. Nikafungua mdomo, akachungulia ndani kama fundi bomba. "Yamechafuka," akasema.

"Hayajachafuka. Ni maji tuliyokunywa. Na yako hebu."

Akacheka. Alicheka kichwa nyuma, meno meupe kabisa, ya kwanza meupe kwenye ukoo wetu kwa kadiri ninavyojua. Nikalia, wala siwafichi. Yeye akazidi kunicheka, na hakuziba mdomo kwa mkono. Hajui hata kwamba kuna watu wanaoziba.